Robota na Roboti: Historia Fupi ya Mzigo Melini

Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja wa uhandisi, kijana wa kwetu Mara, alinijia ofisini na rasimu ya mradi wake wa mwaka wa mwisho. Anataka kubuni toroli lisiloongozwa na mtu, litakalohamisha mizigo mizito ndani ya meli: lipokee shehena mlangoni, lipite katika vichochoro vya sitaha, liiteremshe mahali pake na kurudi kuchukua nyingine. Michoro yake ilikuwa mizuri na hesabu zake zilinishinda. Aliniletea mimi, mwalimu wa historia, sura moja tu, ile ya usuli wa tatizo, nimsahihishie Kiswahili.

Sura hiyo ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba hapo zamani mizigo ilibebwa na watu kwa njia duni. Ya pili ilisema kwamba teknolojia sasa imeleta mapinduzi. Nilimwambia kwamba Kiswahili chake hakina kosa. Kilichokosekana ni watu. Kati ya sentensi zile mbili wamepotea mamilioni ya wanadamu waliobeba, waliogoma, waliopunguzwa kazini na waliozama. Makala haya ni jibu langu kwake, na nimeona niyaweke hadharani kwa sababu suala lenyewe linawahusu pia watumishi wa umma wanaotia saini mikataba ya bandari zetu.

Mimi ni mtu wa Manchira, wilayani Serengeti. Maji makubwa tunayoyajua huko ni ya bwawa lenye jina hilohilo, na anayezungumzia meli huonekana anazungumzia mambo ya mbali. Hata hivyo, vijana wengi wa kwetu waliteremka Musoma na Mwanza kutafuta vibarua, na mmoja wao ni baba yangu mkubwa, ambaye katika miaka ya mwanzo ya Uhuru alikuwa kuli katika bandari ya Mwanza Kusini. Nilipokwenda likizo nilimweleza habari za yule kijana. Mzee amepita miaka themanini na sikio lake moja limechoka.

“Shikamoo, baba mkubwa. Kuna mwanafunzi wangu anatengeneza roboti la kubeba mizigo melini.”

“Marahaba. Robota la pamba?”

“Hapana, baba. Roboti. Mashine inayojiendesha yenyewe.”

Alicheka, kisha akaniambia kwamba robota la pamba analijua vizuri zaidi kuliko mimi ninavyolijua hilo roboti langu. Nami nikaona kwamba historia yote niliyotaka kumwandikia mwanafunzi wangu imo kati ya maneno hayo mawili.

Tuanze kabla ya robota. Katika karne ya kumi na tisa mizigo ya bara ilifika pwani mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akibeba kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa safari ya miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Upagazi ule ulikuwa kazi ya mshahara yenye heshima na kanuni zake. Wapagazi walipatana ujira, walikataa mzigo uliozidi, na waliweza kuutua njiani na kuondoka kama mkuu wa msafara hakutimiza ahadi. Huyo alikuwa mfanyakazi mwenye kauli, miaka mingi kabla neno “chama cha wafanyakazi” halijafika kwetu.

Ukoloni ulichukua bega hilohilo na kuliondolea kauli. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza peke yao waliandikisha mamia ya maelfu ya wachukuzi, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao kubwa iko Dar es Salaam, nasi tunaikanyaga kila siku: jina la Kariakoo linatokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wachukuzi. Leo, katika soko lenye jina lao, vijana wangali wakibeba magunia mgongoni.

Hata meli zenyewe zilibebwa na watu. Meli ya mvuke iliyoitwa William Mackinnon, iliyozinduliwa Kisumu mwaka 1900, ilikuja Ziwa Viktoria vipande vipande, na sehemu kubwa ya njia vipande hivyo vilikuwa mabegani mwa watu, maana reli ilikuwa haijafika ziwani. Meli ya Wajerumani ambayo leo tunaiita Liemba ilifungwa katika masanduku yapatayo 5,000 huko Papenburg, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kuteremshwa majini mwaka 1915. Tunaposifu uhandisi wa meli hizo, tukumbuke pia nani alizifikisha majini.

Reli na bandari za kisasa zilipokuja, bega halikustaafu. Lilihamia gatini. Hadi magati ya kina yalipojengwa, meli kubwa zilitia nanga mbali na nchi kavu, mizigo ikapakuliwa kwenye matishali, na kutoka kwenye matishali ikafikishwa nchi kavu na makuli. Mfumo wao wa ajira ulikuwa wa kibarua cha kutwa: alfajiri watu walijipanga, nyapara akachagua genge lake, na waliobaki wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mfumo huo uliwapendeza waajiri kwa sababu siku isiyo na meli haikuwa na mshahara. Lakini ulikuwa na udhaifu mmoja ambao waajiri hawakuutambua mapema. Meli iliyokwama gatini ni hasara kila saa, na wanaoweza kuikwamisha ni watu mia chache wanaofahamiana.

Makuli waliufahamu udhaifu huo. Mombasa waligoma mwaka 1934, na tena mwaka 1939. Dar es Salaam waligoma mwaka 1939 na 1943. Januari 1947 mgomo mkuu wa Mombasa uliwatoa kazini maelfu ya watu na kukipa umaarufu chama kilichoongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ilimkamata mwaka huohuo na kumpeleka uhamishoni Baringo. Septemba mwaka huohuo makuli wa Dar es Salaam waliweka mizigo chini. Mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wa reli na kuvuka hadi miji ya bara, na walipata nyongeza ya ujira na nguvu ya kuunda chama chao. Mwaka 1950 mgomo mwingine, uliohusu namna vibarua walivyoandikishwa na kupangiwa kazi, uliishia katika ghasia, na chama hicho kikavunjwa. John Iliffe ameandika kuhusu makuli wa Dar es Salaam, na Frederick Cooper kuhusu wale wa Mombasa. Wanafunzi wanaodhani kwamba siasa za ukombozi zilianzia katika kumbi za wasomi wawasome wote wawili.

Kwa nini namweleza mhandisi habari za migomo? Kwa sababu mashine ya kubebea mizigo haiji mahali patupu. Inaingia mahali ambapo tayari kuna mvutano juu ya nani ana uwezo wa kuisimamisha meli. Simaanishi kwamba kila kreni ni njama. Nasema kwamba anayeamua kununua mashine huhesabu pamoja na mengine gharama ya kutegemea watu wanaoweza kusema hapana.

Sasa turudi kwa baba mkubwa na robota lake. Katikati ya miaka ya 1960 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilileta katika Ziwa Viktoria meli mbili pacha, Umoja na Uhuru, zilizotengenezwa Scotland na kuunganishwa Kisumu. Hizi zilikuwa meli za kubeba mabehewa. Sitahani zina reli. Bandarini daraja maalumu huunganisha reli ya nchi kavu na reli ya meli, na mabehewa yapatayo 20 husukumwa ndani pamoja na shehena yake. Behewa lililopakiwa Kisumu liliweza kuteremka Mwanza bila mkono wa mtu kugusa gunia hata moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Umoja ilibaki Tanzania na Uhuru ikabaki Kenya, mgawanyo wa majina ambao sijawahi kuutafutia maelezo.

Baba mkubwa anaikumbuka siku genge lao liliposimama gatini kutazama mabehewa yakiingia. Kabla ya hapo shehena ya namna hiyo ilikuwa kazi ya siku nzima kwa watu wengi. Robota la pamba halibebwi na mtu mmoja. Huviringishwa, huvutwa kwa kulabu, huwekwa kwenye toroli la mkono, na likiponyoka huvunja mguu. Magunia ya kahawa yalibebwa kichwani na mgongoni, na shingo yake mwenyewe haijanyooka tangu wakati huo. Nilitarajia aniambie kwamba walihuzunika. Akaniambia walifurahi saa ile, kwa sababu hakuna anayependa robota. Huzuni ilikuja baadaye, mwisho wa juma, walipohesabu siku walizoitwa kazini.

Maelezo hayo ya mzee yanakosoa makosa mawili yaliyozoeleka katika mijadala yetu. Kosa la kwanza ni la wanaoitukuza kazi ya zamani kana kwamba kubeba ni utamaduni wa kuhifadhiwa. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataka mzigo abebao mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55. Gunia la kawaida la kwetu ni kilo 100, na tukilipiga lumbesa, huzidi hapo ingawa sheria ya vipimo inakataza. Mgongo wa mtu hauna sababu ya kutetewa uendelee kufanya kazi hiyo. Kosa la pili ni la wanaosema kwamba mashine ikija kila mtu hunufaika. Shingo ya baba mkubwa ilipumzika na mfuko wake pia ukapumzika. Kilichopungua katika gharama ya kupakia kilikwenda mahali fulani, nacho hakikwenda Manchira.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo? Hapa dunia pana inatusaidia. Aprili 1956 Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli Ideal X kutoka Newark hadi Houston, na ndani ya miongo michache bandari zote za dunia zilibadilika. Mwaka 1960, kabla wimbi halijawakumba sawasawa, chama cha wafanyakazi wa bandari za pwani ya magharibi ya Marekani, kikiongozwa na Harry Bridges, kilifanya mapatano na waajiri. Waajiri walipewa uhuru wa kuleta mashine. Wafanyakazi walipewa mfuko wa takriban dola milioni 29 kwa kipindi cha miaka mitano na nusu, kinga dhidi ya kupunguzwa kazi, na malipo ya kustaafu mapema. Mapatano hayo hayakuwa ya malaika, kwani vibarua wasio wanachama kamili waliachwa nje, na wanachama wenyewe walikuja kulalamika. Lakini yanathibitisha jambo moja: mgawanyo wa faida ya mashine hupangwa mezani, na asiyekaa mezani hapangiwi kitu.

Mwaka 1993 bandari ya Rotterdam ilianza kutumia magari yasiyo na dereva kusafirisha makontena gatini. Tangu hapo teknolojia hiyo imeenea Hamburg, Qingdao na kwingineko. Oktoba 2024 wafanyakazi wa bandari za mashariki ya Marekani waligoma kwa siku tatu, na suala la mashine zinazojiendesha lilikuwa miongoni mwa yale yaliyochelewesha mapatano hadi mwanzoni mwa 2025. Makuli wa Dar es Salaam wa mwaka 1947 wangeyaelewa madai hayo bila mkalimani.

Lakini angalia, ndugu msomaji, kwamba hayo yote yamefanyika gatini. Ndani ya meli ni habari nyingine. Hadi leo makontena ya sitahani hufungwa kwa vyuma na mikono ya watu, hata katika bandari zinazojisifu kwa mashine zake. Sababu ni kwamba meli ni mahali pagumu kwa mashine inayojiendesha. Njia ni nyembamba, hivyo gari linahitaji kwenda ubavu kama kaa. Ndiyo maana gurudumu alilobuni Mswidi Bengt Ilon mwanzoni mwa miaka ya 1970, lenye vigurudumu vidogo vilivyolazwa mshazari, liliwavutia watafiti wa jeshi la majini la Marekani. Kuta za chuma huzuia ishara za setilaiti, hivyo gari haliwezi kujua lilipo kwa njia ya kawaida. Na juu ya yote, sakafu yenyewe hucheza.

Baba mkubwa hakujua neno lolote kati ya hayo, lakini swali lake la kwanza kuhusu roboti lilikuwa hili: “Litajua meli inapolala?” Akanieleza kwamba kuli mzuri hakupimwa kwa nguvu tu. Alipokea amri ya serahangi kuhusu upande wa kuweka mzigo, na kama mzigo ulikwenda upande mmoja mno aliusikia kwa nyayo kabla ya kuambiwa.

Wahandisi wana hesabu ya jambo hilo. Chukua meli yenye uzito wa tani 1,000 ambayo kimo chake cha uthabiti ni nusu mita. Hamisha tani 10 kwa mita 8 kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na meli italala kwa karibu nyuzi 9. Katika pembe hiyo mizigo isiyofungwa huweza kuanza kuteleza yenyewe, nayo ikiteleza huilaza meli zaidi.

Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kufundishwa maana ya hesabu hiyo. Mei 21, 1996 meli ya Bukoba, ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka karibu kabisa na Mwanza, na zaidi ya watu 800 walikufa. Septemba 20, 2018 kivuko cha Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikiwa kimekaribia kutia gati Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa. Kwa hiyo chombo chochote kitakachohamisha uzito ndani ya meli kinagusa roho za watu. Roboti likiweka mzigo palipo na nafasi badala ya palipo na uwiano, litatekeleza kosa kwa kasi kubwa kuliko binadamu, tena bila nyayo za kulisikia. Kwa upande mwingine, roboti linalopima kila mzigo, kuandika mahali ulipowekwa, na kukataa kuendelea kikomo kikifika, lingekuwa shahidi ambaye hasinziagi na hapokei chochote chini ya meza. Mwanafunzi wangu alikuwa ameuza mradi wake kwa hoja ya kupunguza vibarua. Nimemshauri auuze kwa hoja ya uwiano wa meli.

Kwenu watumishi wa umma nina neno pia. Mwaka 2023 nchi yetu ilijadiliana kwa ukali kuhusu uendeshaji wa bandari. Bunge liliridhia makubaliano na Dubai tarehe 10 Juni, shauri likasikilizwa Mbeya, na mikataba na DP World ikatiwa saini Dodoma mwezi Oktoba. Tulibishana kuhusu mamlaka ya nchi, muda wa mkataba na mapato, na mambo hayo yalistahili mabishano. Lakini katika mijadala niliyohudhuria sikusikia mara nyingi swali la mashine: mwendeshaji akileta magari yanayojiendesha katika mwaka wa tano au wa kumi wa mkataba, nani anaarifiwa, nani anafundishwa upya na kwa gharama ya nani? Data za kila mzigo zinazokusanywa na mashine hizo ni mali ya nani, na je, mkaguzi wa usalama wa vyombo vya majini anaweza kuziona siku hiyohiyo au baada ya tume kuundwa? Programu ikikorofisha, ufundi wa kuitengeneza uko Dar es Salaam na Mwanza, au tutasubiri mtu apande ndege? Maswali haya yanafaa kuulizwa kabla ya wino kukauka.

Kwa wanaharakati, ombi langu ni dogo. Msiipinge mashine kwa sababu ni mashine. Waulizeni vijana wanaobeba Kariakoo na Mwanza Kusini kama wanautaka mzigo wa kilo 100, nao watawajibu. Daini walichokidai makuli wa 1947, yaani kuwapo pale hesabu inapofanywa.

Mwanafunzi wangu amerudi na sura mpya ya kurasa saba. Ameweka humo wapagazi, migomo, meli ya mabehewa na meli ya Bukoba. Ameniomba pia nimfikishe Manchira wakati wa likizo akazungumze na baba mkubwa, kwa sababu anataka kujua hasa kile kitu ambacho nyayo husikia meli inapoanza kulala, apate kukitafutia kipima chake. Mzee amekubali. Amesema kijana aje na daftari, na asimwite tena mtu wa njia duni.